Treni ya Paa la Kioo

Muzna mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tumetoka kula pamoja sasa hivi na kipande cha mwisho cha mkate wa kumimina umekila wewe. Khabari za afya yako nnazo pia. Nnakusikia chumba cha pili unafungua sanduku na kulifunga, unalifungua na kulifunga, na mama'ko anakwambia kutoka jikoni kwamba zipu nayo ina roho. Basi tuseme sote wazima, tuanze.

Ya soksi, ya dawa ya kikohozi, ya kutafuta kibla kwenye simu, ya kutokaa dirishani na nywele mbichi, yote mama'ko amekwisha kukwambia. Hakuniachia hata moja. Nimebakiwa na mambo yasiyo na faida, na kwa bahati ndiyo nnayoyajua vizuri.

Nnaandika kwa sababu ndani ya nyumba hii mtu hawezi kumwambia mwenziwe neno likafika zima. Nikianza mimi, mama'ko ananimalizia. Akianza mama'ko, shangazi'yo Zeyana anapiga simu, utadhani kazika sikio ndani ya ukuta wetu. Karatasi angalau inaninyamazia mpaka nimalize.

Tangu uliposema huitaki ndege ya moja kwa moja mpaka chuoni kwako Milano, kwamba utashuka Zurich na kuvuka milima kwa treni, hatujapata raha. Mama'ko alidhani ni ubakhili umeurithi kwangu. Shangazi'yo alidhani kuna mtu unakwenda kukutana naye njiani, na mpaka leo hajaridhika kwamba hayupo. Mimi nilidhani ni ujana, utapita kama ulivyopita ule mwezi wako wa kutokula nyama. Nikakuuliza tukiwa garini, tunatoka Maskati, tunapanda kilima cha Qantab kwenda kununua samaki. Hukunigeukia. Ulijibu unatazama majabali nje:

"Kwa ndege mtu haondoki, Baba. Anahamishwa tu, kama friji. Mimi nataka nijione nikiondoka."

Niliendelea kuendesha. Usidhani nilikuwa nimeguswa. Mbele yetu palikuwa na lori na mimi, kama ujuavyo, siwezi kuendesha na kufikiri kwa pamoja. Tukanunua samaki, na wakati wa kurudi, kwenye kona ile ile, ukaongeza la pili, kwa sauti ndogo zaidi: "Na nataka niende peke yangu. Bila mtu."

Hilo ndilo ombi lako, na sikulijibu. Nilikwambia tutaona, neno ambalo baba wa nyumba hii hulitumia anapokuwa hana ubavu. Usiku huu nnalijibu. Lakini nivumilie kidogo, maana jibu langu lina dharau nyingi ndani yake na nataka ujue zote zinamwendea nani.

Tuanze na treni ile ya paa la kioo.

Unamjua Hilali, jirani wa duka langu la miwani pale Hamriya, mwenye afisi ya safari. Hilali hajapanda treni maishani mwake, hata ile ya watoto ya bustanini, lakini Milima ya Alpi anaiuza kama muuza halwa: anakuonjesha kwanza. Anakugeuzia simu yake, unaona mabehewa mekundu, kioo kutoka kiunoni mpaka utosini, na mlima mweupe unaokuangukia kichwani. "Tazama, yakhe," anakwambia. "Hii si treni. Hii ni pepo yenye viti." Anasema hivyo kwa kila mteja, na kila mteja anatikisa kichwa kana kwamba kaambiwa siri.

Na nani wateja wake? Sisi. Jamaa zetu. Kila kiangazi, jua likianza kulainisha lami ya Ruwi, nusu ya watu tunaowajua wanahamia kando ya maziwa ya Uswisi. Wanakimbia Maskati wakaikute kule kule. Wanakutana wao kwa wao barabarani, wanaulizana mmefikia hoteli gani, wanapika pilau katika vyumba vilivyoandikwa mlangoni kwamba humu hakupikwi, wanatia taulo mlangoni chini ili harufu isitoke, na wenye hoteli wanajifanya hawajui kwa sababu fedha hazina harufu. Khalafu wanarudi, wanakaa majlis na kanzu zao zilizopigwa pasi, na mazungumzo yanaanza. Hakuna anayemuuliza mwenziwe uliona nini. Swali ni moja: ulipanda ipi? Na jibu ni moja: ya kioo. Ukisema ulipanda ya kawaida, wanakutazama kama mtu aliyekwenda harusini akala nje na madereva. Wanakuongezea kahawa kwa huruma.

Nnawadharau, mwanangu. Kwa mapenzi yote, maana ni ndugu zangu na wengine nimewauzia miwani, lakini nnawadharau. Na ningependa dharau yangu iishie kwao, ila kuna mmoja kati yao aliyewashinda wote kwa upumbavu, na huyo ndiye anayelipa ada yako ya chuo.

Ulikuwa mdogo, huna meno mawili ya mbele. Hilali alinipangia njia mezani kwake kama anayepanga karata. Njia ya kwanza ilikuwa handaki jipya: treni inaingia mlimani watu wanazungumza Kijarumani, inatoka upande wa pili wanazungumza Kitaliana, na katikati hakuna kitu, giza tupu, kama kupita ndani ya bomba la maji. Ya pili ilikuwa reli kongwe ya juu, ambako treni inajizungusha ndani ya jabali kama nyoka, na kanisa moja dogo jeupe unaliona mara tatu: kwanza liko juu yako, khalafu mko sawa, khalafu liko chini ya miguu yako. Ya tatu ndiyo ile ya mabehewa mekundu, inayopanda mpaka kwenye barafu ya milele na kuteremkia Italia. Na kwenye reli hiyo hiyo, akaniambia, zinapita treni mbili. Moja ya watu wa kule, madirisha yake yanafunguka, wanapanda bibi vizee na mbwa wao na watoto wa skuli. Ya pili ni ya paa la kioo.

Nikamuuliza, reli ni zile zile? Zile zile. Milima? Ile ile. Tofauti yao nini basi?

"Hadhi," akasema Hilali.

Nikanunua hadhi. Nilinunua kwa sababu mke wa jirani alikwisha kumwambia shangazi'yo kwamba wao walipanda ya kioo, na upande wa kulia. Basi na sisi kioo, na upande wa kulia. Hivyo ndivyo nilivyochagua njia ya kuvuka milima mikubwa ya Ulaya: kwa kumtazama jirani.

Sasa fikiri vizuri. Sisi ni watu wa Maskati. Tunagombania kivuli cha nguzo ya taa kuegesha gari. Tunatembea tumebana ukutani kama paka. Bibi'yo, Mungu amrehemu, alikuwa hafungui pazia la chumbani kwake tangu Machi mpaka Oktoba. Watu hawa ndio waliolipa ziada wakaketi chini ya kioo, mchana wa kiangazi, juu ya mlima, jua limewasimamia utosini. Hatujamaliza hata bonde la kwanza Bibi alikuwa kishavua mtandio wa juu na anajipepea kwa tiketi. Akanigeukia, akaniambia kwa upole wake ule uliokuwa unaumiza kuliko bakora:

"Nimekuja huku kukimbia jua, mwanangu, nawe umenikatia tiketi ya kukaa ndani yake."

Shangazi'yo hasubiri kuombwa. Akafungua begi lake, akatoa kanga. Zeyana anasafiri na kanga kama wengine wanavyosafiri na pasi ya kusafiria. Akazipachika kwenye dirisha, juu akazibana kwenye ukingo wa kuwekea mizigo, chini akazishikiza kwenye vitambaa vya viti kwa pini za mtandio. Nyekundu, ya bluu, ya kisutu. Kitambo kidogo upande wetu wote ulikuwa hema. Tukafungua sambusa. Wazungu wawili waliokaa upande wa pili, mume na mke, watu wazima, walituangalia, wakaangalia mlima wao, wakaturudia tena. Mwisho yule bwana akatupiga picha. Tumekwenda kutazama mandhari, tukawa sisi ndio mandhari.

Akaja mfanyakazi wa treni na sare yake. Akasimama. Akaonyesha kidole kwenye kanga, yaani nyuma ya hii kuna kitu, mabibi na mabwana, watu wametoka Japani kukiona. Shangazi'yo akamtilia sambusa mbili kwenye karatasi. Akazipokea, akaenda zake. Na hivyo ndivyo tulivyovuka Alpi.

Wewe ulikuwa umejipenyeza baina ya kanga na kioo. Tulichokuwa tukikiona ni soksi zako mbili tu, zimetokeza chini ya pindo. Hukusema neno tangu stesheni. Mama'ko alikuita mara ya kwanza uje ule, ukasema ngojeni. Hukusema ngoja, ulisema ngojeni, sote pamoja, kama mwalimu. Bibi akakuita, ukasema ngojeni. Shangazi'yo akasema mtoto huyu atapigwa na homa ya jua. Basi mimi, mwanamme wa safari, nikashika soksi zile nikakuvuta.

Hukulia. Ulikula vipande viwili vya sambusa, uso umeugeuza kwenye kanga. Ukarudi ndani, na treni ilikuwa imeshaingia handakini. Ilipotoka, ukauliza kutoka kule nyuma: "Imekwenda wapi?"

Sikujua kilichokwenda. Sikukiona. Nikakwambia, "Itakuja nyingine."

Haikuja. Barafu ya milele, mwanangu, haina nyingine nyuma yake kama basi. Baada ya pale ni kuteremka tu, miti, vijiji, na joto la Italia. Ulingoja mpaka stesheni ya mwisho, na hukuniuliza tena. Ungeniuliza ningalikupa uwongo wa pili, nilikuwa nao tayari.

Tuliporudi, nikaisimulia. Wallahi niliisimulia. Nikakaa majlis nikaeleza barafu ile ilivyokuwa ya kijani kwa ndani, maneno niliyoyatoa kwenye simu ya Hilali. Shangazi'yo akaeleza daraja. Bibi peke yake aliyesema kweli. Aliulizwa Uswisi palikuwaje, akajibu palikuwa na jua. Watu wakacheka, wakadhani mzee anatania. Nimeisimulia miaka mingi kiasi kwamba sasa nnaiona nikifumba macho, na ndiyo njia pekee nnayoweza kuiona. Mtu ambaye kazi yake ni kuuza miwani.

Haya. Ungeweza kusema, Baba, hilo ni jambo dogo, treni tu. Ni kweli. Lakini mimi nimechagua karibu kila kitu kwa mtindo ule. Nyumba hii niliinunua kwa sababu ya mlango wake. Gari lile jeupe lililotusumbua, kwa sababu ya ami yako. Kila mara nilijiuliza litasemwaje, sikujiuliza litakuwaje. Na mara moja tu maishani nilipewa jambo ambalo halina wa kulisimulia isipokuwa mimi, nikalikimbia.

Hili hulijui. Unajua nilikwenda Kairo kusomea udaktari wa macho, na unajua kwamba tumbo langu lilikikataa chakula cha kule nikarudi. Tumbo langu, mwanangu, halijawahi kukataa chakula cha nchi yoyote. Umeniona.

Walinisindikiza. Kwetu mtoto haendi, anapelekwa. Ni heshima, na mwenye kwenda peke yake watu huuliza kafanya nini. Basi alikuja marehemu mama yangu, akaja Zeyana, akaja ami yako, wakapanga nyumba karibu na chuo. Nikitoka darasani nnakuta mezani pweza wa nazi, katika Kairo, sijui walimpata wapi. Jioni tunacheza karata. Sikumjua mwanafunzi hata mmoja, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi kula. Kairo ile niliiona kupitia mgongo wa Zeyana. Siku yao ya kurudi ilipofika, nikaingia chumbani kuwasaidia kufunga mizigo, na nilipotazama nilikuwa nimefunga na wangu. Hakunilazimisha mtu. Mama alinisihi nibaki. Zeyana alilia, lakini nililia mimi zaidi. Uwanja wa ndege tukaonekana jamaa moja nzuri sana, inayopendana.

Njeri wangu wa dukani, yule Mkenya, alikuja Maskati na begi moja, hana mtu hata wa kumpungia mkono. Juzi Hilali alipokuwa dukani kwangu akiniorodheshea msafara wa shangazi'yo, nani atakaa na nani, nani abebe mchele, Njeri aliacha kufuta vioo akasikiliza mpaka mwisho. Khalafu akaniuliza, "Sasa Mzee, huyu msichana anaenda kusoma ama anaenda kuolewa na hiyo treni?" Hilali hakupendezwa. Mimi nikamwambia aendelee na vioo, kama mtu mwenye jibu.

Maana unajua msafara upo, lakini hujui ulifika wapi. Leo baada ya Alasiri ulipokwenda kumuaga rafiki yako kule Qurayyat, shangazi'yo alikuja na karatasi za Hilali. Kakutengenezea safari ya kifalme. Yeye, wakwe zake wawili, watoto wao, mpishi. Zurich, usiku mmoja kando ya ziwa, khalafu treni ya paa la kioo, upande wa kulia, kanga kanunua mpya. Kisha Milano, nyumba ya kupanga karibu na chuo chako mpaka utulie. Na kwenye orodha ya ndege, mbele ya jina lako, kulikuwa na tarehe ya kurudi. Ile ile ya kwao.

Nikamuuliza hii nini. Akaniambia bila kuficha, maana Zeyana hafichi, kwamba ni tahadhari. Mtoto akague. Akiona pazuri, tarehe inabadilishwa. Akiona pabaya, arudi na wenziwe, hakuna aibu.

"Wewe si ulirudi?" akaniambia. "Na umepungukiwa na nini?"

Alilisema kwa mapenzi. Ndilo lililonimaliza. Nikaangalia chumba: kochi, picha zenu, kiyoyozi, mama'ko amekaa anatazama mikono yake. Nilitaka nimtajie kitu kimoja nilichopungukiwa nacho, sikukipata. Nikamwambia kweli.

"Sijui, dada. Sikukaa nikajua."

Akasema mtoto wa kike hapandi milima peke yake. Nikamwambia hapandi milima, anapanda treni. Akasema na watu watasemaje, umemtupa mwanao? Na mimi, ambaye neno hilo limeniongoza maisha yangu yote kama kamba ya punda, nilisikia jinsi linavyolia. Linalia kitoto sana. Nikamwambia Muzna anakwenda peke yake. Akauliza, "Na wewe?"

Hapo mama'ko akainua macho.

Nikuungamie sasa. Nilikuwa nije. Nilinunua hata koti, Ruwi, la manyoya ya ndani, na siku moja mlipokuwa hampo nikashusha kiyoyozi mpaka chini kabisa nikalivaa, nikatembea nalo sebuleni. Mama'ko akarudi kwa kusahau funguo. Alinizunguka, akachukua funguo, akatoka. Mpango wangu ulikuwa wa kishujaa: wewe ungepanda treni yako ya kawaida, peke yako kama ulivyoomba, na mimi ningekaa behewa la nyuma. Usingeniona. Ningeteremka kila stesheni kuhakikisha hujateremka. Niliupenda sana mpango huu. Nilijiambia si kusindikiza, ni kwamba nina deni na barafu ile.

Zeyana alikuwa bado ananingoja. Nikasema, "Na mimi nnabaki."

Akakusanya buibui lake. Mama'ko alikuwa kishatia kahawa; hakuigusa. Katika miaka yote hii Zeyana hajatoka nyumbani kwangu bila ya kahawa, hata siku ya msiba. Mlangoni aliniambia kesho uwanjani nisimtafute. Nilimsindikiza mpaka garini, akafunga kioo.

Mtu huyu alinibeba mgongoni mimi, Muzna. Nimemcheka katika barua hii tangu juu, na kanga zake na sambusa zake, kwa sababu nnajua kumcheka na sijui kumkatalia. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza na sikuifanya kwa uzuri. Usimchukie. Alichokifanya Kairo kilikuwa pweza. Kilichobaki nilifanya mimi. Ukifika Milano, mpigie yeye kwanza, kabla yangu. Atajifanya hasikii vizuri. Zungumza tu.

Sasa ile njia. Najua unataka nikwambie upande ipi, maana jana uliniuliza na nikajidai nnatafuta miwani yangu. Nimezidharau zote mbele yako: handaki kwa sababu halionyeshi kitu, reli kongwe kwa sababu inamwonyesha mtu kitu kimoja mara tatu kama shangazi na picha za harusi, na ile nyekundu kwa sababu yangu mimi. Dharau ni raha yake hiyo, inakufanya uonekane unajua. Ukweli ni kwamba sijui njia hata moja kati ya hizo. Niliyopita nilipita nimefunikwa. Usinifuate mimi, na usinikimbie mimi vile vile; mtoto anayechagua treni kwa kumkomoa baba'ke naye kakaa nyuma ya kanga. Ukitaka ya kioo, panda ya kioo. Wako watu wanaopanda ile wakaona, nnaamini wapo. Ukitaka kulala njia nzima mpaka Milano, lala. Ila asikuvute mtu miguu.

Na utakapofika, sitakuuliza ulipanda ipi.

Baada ya Magharibi nilimpigia simu Hilali. Nikamwambia afute viti vyote vya kioo. Aliguna kama niliyemkanyaga. Akaniambia nimeiharibu safari nzuri kuliko zote alizopata kuzipanga, na kwamba watu watamuuliza. Nikamwambia awajibu nimekuwa bakhili, wataamini papo hapo. Akauliza kwenye ndege aache majina mangapi. Nikamwambia moja. Akalitaja lako lote, mpaka la babu, akataka nikiri kwamba ni wewe, na peke yako. Nikakiri. Nikasikia anabonyeza mashine yake.

"Na tarehe yake ya kurudi, bwana? Niache ile ile ya Bi Zeyana?"

Nilikuwa nimesimama jikoni. Mama'ko alikuwa anakaanga samaki. Akapunguza moto ili asikie.

Nikamwambia aifute. Akasema atie ipi badala yake, mashine inataka kitu. Nikamwambia, ukikata tiketi ya kwenda tu, isiyo na kurudi, mashine yako inasemaje? Akasema hapo haisemi kitu, inakubali tu.

"Basi kata hiyo," nikamwambia. "Ya kurudi atakata mwenyewe."

Mama'ko akaupandisha moto.

Ni mimi, ninayebaki,
Baba'ko